Paka kala sumu: umtapishe, umpe maziwa, usubiri au umkimbize kwa daktari?

Saa tatu na nusu usiku paka wetu Mchele aliingia kwa mlango wa uani, mkia wa panya ukining'inia mdomoni. Hadi nainuka kitini, alishammaliza. Hapo ndipo mke wangu alipokumbuka kwamba jirani wa nyuma alitandaza sumu ya panya stoo kwake siku mbili kabla. Dakika kumi hazikupita, nyumba ikajaa ushauri. Mama akasema, "Mwanangu, mpe maziwa upesi, maziwa yanakata sumu." Kijana wa duka la pembeni akaleta chumvi, akorogewe maji atapike. Shemeji kwenye simu akashikilia kijiko cha mafuta ya kula. Baba mdogo akasema, "Tulieni, huyu ana roho ya paka kwelikweli, tumwangalie mpaka asubuhi."

Wote walisema kwa nia njema, na wote hawakuweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Tangu usiku ule nimewasumbua sana madaktari wa mifugo kwa maswali, kwa sababu naona nyumba nyingi huku kwetu Tanga zikipoteza paka kwa kuchagua njia isiyofaa ndani ya saa ya kwanza. Nitazipanga njia hizo moja kando ya nyingine, nikuambie ningeshika ipi na kwa sababu gani.

Kwanza jambo moja ambalo bila hilo ulinganisho wote unapotea: paka si mbwa mdogo, wala si mtoto mchanga. Ini lake lina upungufu katika kazi ya kuziunganisha kemikali fulani na asidi ya glukuroniki ili zitoke kwa mkojo. Kitu ambacho wewe unakimeza na kukisahau, yeye kinamkalia mwilini na kugeuka sumu. Tena paka hujilamba kutwa. Akikanyaga dawa ya kudekia, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia majini, ataila yote kwa ulimi kutoka kwenye nyayo zake. Kwa hiyo "kula sumu" kwa paka ni pamoja na kilichomgusa manyoya.

Kumtapisha nyumbani au kumwacha daktari amtapishe

Hapa sina mizani ya kupima sana. Nyumbani, usimtapishe paka. Maji ya chumvi yanaweza kupandisha chumvi kwenye damu yake mpaka ubongo ukadhurika, na mara nyingi hata hatapiki. Haidrojeni peroksaidi, ambayo baadhi ya madaktari huwaruhusu wenye mbwa kuitumia, kwa paka huchubua tumbo hadi kutoa damu. Kidole kooni kitakupatia jeraha la meno, basi. Na yote hayo ukiyafanya kwa paka anayetetemeka au aliyelegea, matapishi huingia mapafuni na unakuwa na mgonjwa wa magonjwa mawili.

Daktari anayo sindano ya zailazini au dawa za jamii yake, ambayo humfanya paka atapike kwa utulivu, na baadaye anaweza kuzindua usingizi wake kwa dawa nyingine. Faida yake ni kubwa ndani ya saa moja hadi mbili tangu ale. Baada ya hapo sumu nyingi imeshapita tumboni. Ndiyo maana nusu saa unayoipoteza ukimkaba paka shingo jikoni ni nusu saa ile ile ambayo daktari angeitumia.

Kuna vitu ambavyo hata daktari hatamtapisha: mafuta ya taa, petroli, dawa ya kung'arishia nguo, asidi ya betri. Vinavyochoma vikishuka vitachoma vikipanda, na mafuta ya taa au petroli vikitapikwa huingia mapafuni kirahisi. Kwa hivi, msafishe mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, uondoke naye.

Maziwa, mafuta, mayai, mkaa

Maziwa ndiyo dawa ya kwanza pwani nzima na bara, na najua nikiyasema haya kuna mama zangu watakaonuna. Maziwa hayaui sumu. Kazi yake ya kweli ni ndogo mno: paka akitafuna ua la mapambo lenye majani mapana yanayowasha mdomo, kama lile la majani yenye mabaka meupe ambalo watu huliweka sebuleni, kijiko cha maziwa au maji kinapoza muwasho. Hapo tu. Sumu nyingine hupenda mafuta, na mafuta ya maziwa au ya kupikia huzisaidia kupenya utumbo. Paka wengi wakubwa pia huharishwa na maziwa, kisha daktari anashindwa kujua kama kuhara ni kwa sumu au kwa maziwa yako.

Mkaa una habari tofauti kidogo, kwa kuwa mkaa wa dawa kweli hunasa sumu nyingi tumboni. Lakini mkaa huo hutengenezwa kwa namna inayoupa vitundu visivyohesabika vya kushikia kemikali. Mkaa wa jiko uliosagwa hauna vitundu hivyo kwa kiwango kinachofaa. Na hata ule wa dawa hupimwa, gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya paka, hutolewa kwa uangalifu usiingie mapafuni, wala haushiki mafuta ya taa wala asidi. Ukiwa nao nyumbani, mwambie daktari kwenye simu, akuamulie. Usiubugize kwa akili yako.

Kati ya vyote vya nyumbani, kimoja nakitetea kwa nguvu: kuosha. Watu wengi huku huogesha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kisha paka akalala na mbwa au akapakwa yeye mwenyewe "viroboto vimemzidi". Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya permetrini au sipametrini, na matone ya kupe ya mbwa mara nyingi yana permetrini nyingi. Paka huanza kutikisika masikio, ngozi ya mgongo inacheza, kisha mwili mzima unatetemeka hadi degedege. Hapa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu ni tiba halisi kabla ya safari. Yasiwe ya moto, maana joto hufungua ngozi ikanywa zaidi. Mwoshe, mkaushe, mfunge taulo, ondoka. Kama degedege limeshaanza, kuosha kutafanyikia kliniki.

Kusubiri asubuhi au kuondoka sasa hivi

Hili ndilo swali gumu, na baba mdogo hakuwa mjinga kuuliza. Usiku, bodaboda wachache, kliniki mbali. Shida ni kwamba baadhi ya sumu zilizo hatari sana kwa paka humpa sura ya mzima kwa muda. Angalia saa zao:

| Alichokula | Dalili huanza lini | Unaweza kusubiri? |
|---|---|---|
| Sumu ya panya ya unga wa kijivu (fosfidi ya zinki) | dakika 15 hadi saa 4, mara chache zaidi | hapana |
| Dawa ya wadudu ya shambani | dakika hadi saa chache | hapana |
| Parasetamoli | saa 1 hadi 12 | hapana |
| Ua la lili | kutapika saa chache, figo siku 1 hadi 3 | hapana, ingawa anaonekana mzima |
| Chenga za panya za kuzuia damu kuganda | siku 2 hadi 5, hata zaidi | mpaka asubuhi, siyo mpaka dalili |
| Kitunguu au mchuzi wake | siku 2 hadi 4 | kidogo: piga simu asubuhi |
| Ua la sebuleni linalowasha | papo hapo | ndiyo, ukimtazama |

Parasetamoli naisemea peke yake kwa sababu ndiyo inayotolewa kwa upendo. Paka anachechemea, mwenye nyumba anamvunjia kidonge cha maumivu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya miligramu 120 kwa kilo, na madhara yanaweza kuanza kwenye miligramu 10 tu kwa kilo. Damu yake hushindwa kubeba hewa. Ukifunua mdomo, fizi zina rangi ya kahawia kama chai ya rangi, au buluu. Uso na nyayo vinavimba. Ipo dawa yake, asetilisisteini, na hospitali za binadamu huitumia pia, kwa hiyo daktari wa mifugo akikutuma uitafute usishangae. Hufanya kazi vizuri ikiwahi.

Lili ndiyo inayonitisha zaidi. Nazungumzia lile ua kubwa la tarumbeta linalopangwa kanisani na kwenye harusi. Kila sehemu yake ni sumu kwa paka, hadi vumbi la njano lililomdondokea mgongoni akalilamba, hadi maji ya chombo. Atatapika, ataacha, atalala, utasema amepona. Siku ya tatu haendi haja ndogo. Dripu ikianza ndani ya saa 18 na kuendelea siku mbili au tatu, figo zina nafasi nzuri ya kuokoka. Figo zikishafunga, nafasi hiyo imekwenda. Kama una paka, usiliingize ua hilo ndani hata likiwa zawadi.

"Sumu ya panya" ni sumu tatu

Mwuzaji anapita na kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Anakupa kifuko kisicho na jina. Mimi mwenyewe nilishanunua kifuko cha namna hiyo na sikujua kilichomo mpaka leo. Hilo ndilo linaloua paka, kwa sababu vifuko hivyo vinaweza kuwa na mambo matatu yasiyofanana kabisa, na uamuzi wako unabadilika kwa kila moja.

Unga wa kijivu hadi mweusi, wenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, shuku fosfidi ya zinki. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini. Haina dawa ya kuipinga. Daktari hupambana na dalili na kutuliza asidi. Hapa kumlisha ni kosa kubwa, maana chakula huamsha asidi. Maziwa ya mama yangu yangekuwa kosa hilo hilo. Na gesi hiyo inakudhuru hata wewe: akitapika, fungua madirisha yote, usiiname kunusa, mpeleke huku vioo vya gari viko wazi.

Cha pili ni dawa ya wadudu iliyopakiwa upya, ya jamii ya oganofosfeti au kabameti. Utamtambua mgonjwa kwa majimaji: mate yanachuruzika, machozi, anajikojolea, anahara, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano hata gizani. Hii huua haraka, lakini ina dawa, atropini, na ndiyo sababu yeyote mwenye leseni ya kutibu mifugo aliye karibu, hata kama kazi yake ni ng'ombe, anaweza kumwokoa paka wako. Kama daktari wa paka yuko saa mbili mbali na afisa mifugo wa kata yuko dakika kumi, mpigie afisa mifugo kwanza uulize kama ana atropini. Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Sumu hii hupita kwenye ngozi.

Cha tatu ni chenga au vibonge vya rangi kali, buluu, kijani au waridi, mara nyingi bromadioloni au brodifakumu. Hizi huzuia ini kutumia vitamini K, damu ikaacha kuganda. Paka atacheza siku mbili, tatu, kisha anaanza kuhema, fizi zinapauka, pengine damu inatoka puani au inavujia kifuani usikoona. Kinyume na zile mbili, hii inakupa muda. Ukiupoteza muda huo ukisubiri dalili, unakuwa umeitupa nafasi bora kuliko zote.

Na hapa kuna mtego wa madukani. Tiba yake ni vitamini K1, mara nyingi kwa wiki nne. Vitamini K iliyomo kwenye unga wa vitamini za kuku ni K3, na K3 haisaidii sumu hii. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kukuuzia kwa moyo safi akidhani K ni K. Sema "K1", usome kwenye boksi.

Simu au safari

Watu huzichukua kama njia mbili, mimi nimejifunza kuzifanya moja: mmoja anapiga simu, mwingine anatafuta boksi. Simu peke yake inatosha kwa vitu viwili vya chini kwenye jedwali. Safari bila simu ina hatari ya kukuta kufuli mlangoni, au kliniki isiyo na dawa unayoihitaji.

Daktari atataka kujua alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na uzito wa paka. Ukiwa na kifuko, usome jina la kemikali herufi kwa herufi au umtumie picha. Kisha atakuuliza fizi. Jifunze leo, paka akiwa mzima: inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole gumba hadi iwe nyeupe, achia. Waridi irudi ndani ya sekunde 2. Hesabu pia kifua kikipanda akiwa amelala. Pumzi 20 hadi 30 kwa dakika ni kawaida, ikipita 40 akiwa ametulia, safari imeamuliwa tayari.

Kwa walio karibu na vyuo, Hospitali ya Wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, Kabete kwa wa Nairobi na Makerere kwa wa Kampala ni mahali pa kuwa na namba zao kwenye simu kabla ya siku ya shida. Ndugu walio Marekani wana laini ya sumu za wanyama ya ASPCA, shirika la kutetea wanyama, saa 24, ingawa huweza kutoza ada. Sisi huku hatuna laini ya namna hiyo ya kutegemea, kwa hiyo namba ya daktari mmoja anayepokea usiku ina thamani kuliko kabati la dawa.

Msafirishe kwenye boksi lenye matundu au kikapu chenye mfuniko, kanga chini, alale ubavu kama amelegea. Matapishi yaweke kwenye mfuko uende nayo. Usimbebe mikononi kwenye bodaboda. Paka mwenye degedege huruka.

Tulichochagua sisi

Mchele alikuwa na fizi za waridi, pumzi 26. Daktari alipokea simu ya tatu. "Kaka, chenga zilikuwa na rangi gani?" Jirani akaja na boksi mkononi, amevaa msuli, uso umemshuka kwa huzuni: buluu, bromadioloni. Kama ingekuwa unga wa kijivu, daktari alisema, tungeondoka dakika ile. Kwa chenga, tulale, tusimpe chochote, tuonane saa mbili asubuhi.

Asubuhi kukawa na uchaguzi mwingine ambao sikujua upo. Njia ya kwanza, aanzishiwe K1 moja kwa moja, wiki nne, bila kupima. Ya pili, asipewe chochote, apimwe kuganda kwa damu baada ya saa 48 na tena baada ya 72. Ikiwa sawa, hakuna haja ya dawa. Huwezi kuchanganya, maana ukimpa K1 kidogo kisha ukapima, kipimo kinakudanganya. Panya mmoja mara nyingi hana sumu ya kumuua paka, ila Mchele huwinda kila usiku na sumu hii hujikusanya inini. Kama tungekuwa tunakaa kijijini mbali, ningechukua vidonge siku hiyo hiyo. Sisi tuko dakika ishirini kwa bajaji, tukachagua kupima.

Siku ya pili daktari alichukua damu kidogo kwenye mrija wa kioo, akaufumbata kiganjani upate joto la mwili, akawa anauinamisha kila baada ya muda huku akiitazama saa ya ukutani. Mashine ya kupimia haikuwepo. Nilikuwa namwangalia usoni. Alipouinamisha tena, damu bado ilitiririka kama maji ya rosela. Akasema, "Imechelewa hii," akainuka kufungua kabati.

Tukaondoka na K1. Kila jioni kidonge kikisokotwa ndani ya kipande cha kibua chenye mafuta, kwa kuwa hapa, tofauti na sumu, mafuta ndiyo yanayoisaidia dawa kuingia. Mama ndiye aliyekuwa akimlisha. Kidonge cha mwisho alikimeza siku ya ishirini na nane, na siku mbili baadaye tukarudi kwa daktari, mrija ule ule, saa ile ile ya ukutani, na safari hii damu ikashika kabla daktari hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani.